Mwaka wa Matone ya Macho

Da Tatu alizikwa Alhamisi baada ya swala ya alasiri, na mimi nikafika msibani siku ya pili yake. Binti yake, Mariamu, anakaa Gerezani, nyumba ya tatu kutoka barabara ya mwendokasi, na kila basi lilipopita mazungumzo yalikatika kidogo kisha yakaendelea. Tulikuwa wanawake zaidi ya kumi tumekaa kwenye mikeka ya ukumbini, yakaletwa masinia ya wali na mchuzi wa nyama, na wakati tunakula mama mmoja jirani akaanza kuwaeleza wenzake habari za marehemu. "Hakuzaliwa kipofu huyu," alisema. "Kompyuta ndiyo ilimmaliza. Alikuwa anachapa huko Kariakoo enzi hizo, ule mwanga ukamuunguza macho." Mwingine akauliza, "Na hawa wanetu na masimu yao usiku kucha?" Wakaguna wote. Mariamu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wawili, akasema kwa sauti ya chini kwamba ndivyo mama yake mwenyewe alivyokuwa anasema kila alipoulizwa. Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Katika ukumbi ule mzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba haikuwa kompyuta, nikala lile tonge, na lililofuata, nikanawa, nikatoa pole, nikaondoka. Yale niliyoshindwa kuyasema mkekani nayaandika hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Chumba chetu cha kazi kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa la Mzee Nassor, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo. Mzee Nassor alikuwa Mwarabu wa hapa hapa mjini, mtu wa tasbihi na kahawa, ambaye maisha yake yote alikuwa ameuza vitenge na mashuka, na mwaka ule akapata kazi ambayo hata yeye hakuielewa vizuri: kuingiza kwenye kompyuta kadi za zamani za nyumba na viwanja, maboksi kwa maboksi, kadi zilizoandikwa kwa mkono na watu waliokwisha kufa. Alinunua kompyuta sita zilizokwisha kutumika, zile zenye chogo kubwa nyuma, akazipanga kwenye meza za kukatia vitambaa. Hakununua viti. Tulikalia viti vya plastiki, viwili viwili vimepachikwa ili tufikie meza, na juu yake kila mtu alikunja kanga yake au sweta lake. Dirisha lilitazama magharibi, na kuanzia saa nane mchana jua liligonga mabati ya jengo la jirani likaturudia usoni. Tulibandika vipande vya maboksi kwenye vioo. Chumba kikawa giza, vioo vya kompyuta vikazidi kung'aa. Feni ilizunguka juu yetu ikitupulizia hewa ya moto machoni. Umeme ulipokatika liliwashwa jenereta ngazini, moshi ukapanda, na picha kwenye vioo zikawa zinatetemeka kama kitu kinachosikia baridi.

Ilikuwa wiki ya tatu au ya nne tulipoanza kulalamika, na tulianza kwa utani. Kessy, kijana wa Kichaga aliyekuwa anakaa karibu na mlango, ndiye aliyekuwa hodari wa kulalamika. "Jamani, mgongo umekata moto," alikuwa anasema akijinyoosha mpaka kiti kinalia. Mimi kiganja changu cha kulia kilikuwa kinashikwa na ganzi, nikaamka asubuhi nashindwa kufunga vifungo vya gauni. Wengine shingo, wengine mabega. Lakini macho yalikuwa ya wote. Yalikauka, yakawasha, yakawa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi wa kuni. Ukitoka nje jioni, nguo zinazoning'inia madukani zilikuwa na ukungu pembezoni, na ukifumba macho uliona mistari ya kadi ikipita. Wakati wa chakula, mama ntilie alipopandisha sufuria zake za wali maharage na tukasukuma kadi pembeni ili tupate pa kuweka sahani, mazungumzo yalikuwa ya dawa tu. Kessy alisikia kwamba unaweka majani ya chai yaliyopoa juu ya kope. Mama ntilie mwenyewe alisema tone la maziwa ya mama mwenye kichanga halina mfano, tukacheka mpaka Kessy akapaliwa. Mzee Nassor alipanda siku moja kutujulia hali, tukamwamkia, akaitikia "Marahaba wanangu," akatusikiliza kwa huruma ya kweli, na kesho yake akatuletea wanja wa manga na chupa ya marashi ya mawaridi. "Nyanya yangu alikufa na miaka tisini, anatunga uzi kwenye sindano," alisema. Kuhusu viti hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza.

Da Tatu alikuwa na miaka thelathini na mbili. Alikuwa amejifunza kuchapa kwenye tapureta ofisini kwa mtu fulani, na aligonga vitufe kwa nguvu za tapureta, tapu tapu tapu, bila kutazama vidole. Hakuna aliyemfikia. Alisoma mwandiko ambao sisi wote tulishindwa, tulimpelekea kadi tukasema, "Da Tatu, hili jina ni nani?" naye akaitazama mara moja akasema, "Mwinyimkuu," kana kwamba mwenye jina amesimama mbele yake. Alipenda kututajia majina hayo kwa sauti wakati anachapa, majina ya kale ya watu wa mji huu, na mitaa waliyokaa, na alikuwa anasema sisi ndio watu wa mwisho kuwaita. Mimi nilikaa kiti kilichofuata chake. Alinifundisha kutumia vidole vyote kumi. Adhuhuri alitandika kanga yake kwenye nafasi iliyokuwa kati ya maboksi akaswali, mimi nikafuata nyuma yake, kisha tukala pamoja kwenye sahani moja, maana yeye alikuwa anabeba samaki wa nazi kutoka kwake na mimi nilinunua wali. Mwezi wa tatu Mzee Nassor alinifanya mimi msimamizi wa zamu badala yake yeye, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Da Tatu hakununa. Alisema, "Afadhali. Mimi sipendi kuwaambia watu wasiende msalani."

Matone niliyaleta mimi. Hili nimelizunguka kwa miaka mingi, nikijaribu kulisema kwa namna ambayo haianzi na mimi, na haipo. Asubuhi moja macho yalinifunga kabisa, nikaingia duka la dawa pale kona, nikamweleza muuzaji. Alinitazama nusu dakika akanipa chupa ndogo nyeupe yenye kifuniko cha rangi ya waridi. "Hii ni kiboko," alisema. Na ilikuwa kiboko kweli. Ndani ya siku moja wekundu uliondoka, muwasho ukaisha, nikawa naona kama nimezaliwa upya. Nilipanda ngazi nikaiweka mezani kama mtu aliyeleta keki. Kessy akaweka. Wengine wakaweka. Da Tatu alisita. Alisema yeye kitu cha machoni anakiogopa. Nilimwambia, "Acha woga, Da Tatu, mtoto mdogo wewe?" Nikamshika kidevu, nikamwinua uso, nikamvuta ukope wa chini kwa kidole changu, nikamdondoshea, moja kulia, moja kushoto. Akapepesa. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye mtandio. Akasema, "Yarabi, baridi." Kesho yake alinunua chupa yake mwenyewe, na tangu hapo ikawa desturi ya chumba: asubuhi tukifika, mchana baada ya chakula, na jioni kabla ya kuzima mashine, vichwa vinainuliwa. Chupa ikiisha mtu anashuka kununua nyingine. Hakuna aliyetuuliza karatasi ya daktari, na sisi hatukujua kwamba iko dawa ya macho inayohitaji kuulizwa.

Miezi ikapita hivyo, na kwa kweli ilikuwa miezi mizuri, jambo ambalo linaniumiza zaidi kulikumbuka. Tulichapa sana. Halafu, mvua za vuli zilipokaribia, kadi za Da Tatu zikaanza kurudi na makosa. Si makosa ya kusoma. Majina yalikuwa sawasawa, mitaa sawasawa, ila safu ya mwisho upande wa kulia, iliyokuwa inaonyesha kama kiwanja kimeuzwa au kimerithiwa, ilikuwa tupu. Kadi kumi, ishirini, zote tupu. Nilimwonyesha. Aliinamisha kichwa, akakigeuza kidogo kama kuku anayetazama punje, akasema, "Ah, kumbe ipo." Wiki ile ile aligonga sinia la chai alilokuwa amelibeba mama ntilie, likaanguka lote, na mama ntilie akafoka, "We Tatu, huoni?" Wakacheka. Kisha tukiwa tunatoka jioni, tunakatiza Mtaa wa Kongo, mkokoteni wa magunia ya vitunguu ulimjia kwa upande, mwenye mkokoteni anapiga kelele "Miguu! Miguu!", watu wote wanaruka, na yeye anatembea tu ananisimulia habari za Mariamu shuleni. Nilimvuta mkono. Gurudumu lilipita juu ya ndala yake. Alisimama akaitazama ndala kwa muda mrefu. "Sikuuona, Mwanaidi," alisema. "Wallahi sikuuona."

Kesho yake aliniomba ruhusa ya kwenda kliniki ya macho Upanga. Aliomba kwa heshima, kwa sababu nilikuwa msimamizi wake, na lile lilinipendeza. Ninakumbuka kwamba lilinipendeza. Boksi tulilokuwa nalo lilitakiwa kukamilika wiki ile. Nilimwambia, "Da Tatu, sote macho yanatuuma. Ni hizi kompyuta. Ongeza matone, upumzike Jumapili, tukimaliza boksi utaenda." Akasema, "Haya." Boksi likaisha, likaja jingine. Akaniomba tena, na safari hii nilikuwa nimechoka, kiganja kimefungwa bandeji, na nilimjibu mbele ya watu. "Tukienda wote hospitali kwa macho, nani atabaki hapa?" Kessy akasema, "Mwache aende bwana." Nikamtazama Kessy akarudi kwenye kioo chake. Da Tatu hakuomba mara ya tatu. Aliongeza matone, kama nilivyomwagiza. Nilimwona mwenyewe akiweka mara tano, mara sita kwa siku, akitafuta jicho lake kwa ncha ya chupa.

Aliyempeleka kliniki mwishowe ni mimi, Novemba, baada ya kuanguka ngazini kwetu. Hakuvunjika. Ila alipokuwa amekaa pale chini ngazini, anapapasa kiatu chake kilichokuwa wazi kabisa upande wa mkono wa kulia, nilimvisha mwenyewe nikamwambia twende kliniki. Tulikwenda kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, amenishika kiwiko, na njia nzima alikuwa anafanya utani kuhusu kadi zitakavyotungoja. Kliniki tulikaa kwenye benchi asubuhi yote. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Alimpima presha ya macho, akamulika ndani, akamkalisha mbele ya kifaa cha kupima anaona upana gani. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Dada, kuna mtu kwenu aliyepofuka?"

"Baba. Uzeeni."

"Na wewe, kuna dawa yoyote umekuwa ukitumia machoni?"

Da Tatu akafungua mkoba akatoa ile chupa. Daktari aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Umeitumia muda gani?"

"Tangu kabla ya masika."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Nani alikupa dawa hii?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, upande wake wa kulia, upande ambao alikuwa haoni. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Da Tatu hakugeuka.

"Nilinunua mwenyewe," alisema.

Daktari alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Dawa ile huandikwa kwa siku chache, na anayeitumia huangaliwa. Inaondoa wekundu haraka, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa wenye asili hiyo kwenye ukoo, inapandisha presha ndani ya jicho, na presha ile haiumi, haiwashi, inaua mshipa wa jicho kidogo kidogo kuanzia pembeni. Da Tatu akauliza kama kilichokufa kinarudi. Daktari akasema hakirudi, watajitahidi kukilinda kilichobaki. "Kimebaki kiasi gani?" Daktari akakunja mkono wake akatengeneza tundu, kama anayechungulia kwenye bomba, kisha akakumbuka kwamba mgonjwa huenda haoni ile ishara, akaushusha mkono. "Kidogo," akasema. "Ungekuja miezi miwili kabla, tungekuwa na kingi zaidi cha kulinda." Miezi miwili. Niliihesabu palepale kwenye kiti, na ilikuwa inatimia kamili, tangu asubuhi ile aliponiomba ruhusa mara ya kwanza.

Nilirudi kazini nikakusanya chupa zote kwenye madroo, nikazimwaga kwenye sinki la ngazini. Niliwaambia daktari amezikataza, kila mtu akapimwe. Tulikwenda kwa zamu, wote, na wote tukakutwa wazima. Kessy, aliyeweka matone mengi kuliko mtu yeyote, alikuwa na macho ya mtoto. Mimi pia. Nilisimama nje ya kliniki na karatasi yangu mkononi, jua linawaka, naona kila jani la kila mti mpaka ng'ambo ya barabara, na nilitamani ningekutwa na kitu, hata kidogo. Mzee Nassor alisikitika sana. Alituma gunia la mchele na kitambaa kwa Da Tatu, na siku ya pili akanunua viti vipya, vyenye migongo. Kiti cha Da Tatu alikikalia msichana mwingine, ambaye nilimsikia siku ya kwanza akimnong'oneza Kessy, "Yule aliyekuwepo kaacha?" na Kessy akamjibu, "Macho. Kompyuta hizi, dada, kuwa makini nazo." Nilikuwa mita moja kutoka kwao. Sikuwasahihisha.

Alipewa dawa nyingine, akafanyiwa upasuaji jicho moja, lakini presha haikutii. Kufikia mwisho wa mwaka jicho la kulia lilikuwa halioni kitu, na la kushoto lilibakiwa na nafasi ya kutosha uso wa mtu mmoja, ukikaa mbele yake sawasawa. Nilikwenda kwake Jumapili moja ya Desemba. Alikuwa anakaa chumba kimoja na ukumbi, Mariamu kaenda madrasa. Alinikaribisha, akakataa nimsaidie, akanipikia chai mwenyewe, akipima maji kwa kidole kwenye ukingo wa kikombe, akaleta na mihogo ya nazi. Tuliongea habari za watu wa chumbani. Aliuliza kama nimefikia kadi za mtaa fulani, maana kulikuwa na jina zuri huko alilotaka nilione. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaweka kikombe chini, nikasema, "Da Tatu, zile dawa..."

"Mwanaidi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na utani. "Nani alileta, najua. Nani alininyima ruhusa, najua pia. Nilijua kabla daktari hajamaliza kuuliza."

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha wala hakunijia. Aliketi ameelekeza kichwa mahali nilipo, akinitafuta kwa ile nafasi ndogo aliyobakiwa nayo.

"Nina mtoto wa kulea," akasema. "Nina njia ya sokoni ya kujifunza upya, na moto wa kuuzoea. Ukinililia hapa itabidi nikubembeleze, na ukiniomba radhi itabidi nikusamehe, na hizo zote ni kazi. Usinipe kazi nyingine. Maliza chai, halafu uende."

Niliimaliza. Nilitaka kuosha kikombe, akaniambia nikiache palepale kilipo, nikikihamisha atakikosa. Nikavaa viatu mlangoni nikatoka. Kazi ya kadi iliisha miezi michache baadaye. Nikaenda chuo, nikafanya kazi ofisi nyingine, nikastaafu mapema kwa sababu ya kiganja. Nilikuwa naulizia habari zake kwa Kessy, na baadaye kwa Mariamu niliyekutana naye sokoni, na kila mara nilitoa salamu zimfikie. Nilijiambia kwamba ninamheshimu, kwamba ninafanya kama alivyotaka. Lakini siku ile alisema niende tu. Hakusema nisirudi. Hilo la pili niliongeza mwenyewe nikiwa njiani kurudi nyumbani, na nimelishika kwa zaidi ya miaka ishirini.